Alama Nilizotoa Kibandani

Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni kuandika majina ya waliobatizwa, waliofunga ndoa na waliofariki, kupokea zaka na kutoa stakabadhi. Chuo cha ualimu nilisoma na cheti ninacho, ila chaki sikuishika siku nyingi. Nayataja hayo mapema, wasomaji wapenzi, msije mkadhani kwamba anayewaletea habari za chipsi na mishkaki ni mpishi au mtu wa hoteli. Kwetu tunakula ugali wa mtama na mlenda, na siku ya sikukuu kuku.

Jambo lenyewe lilianza na dume la ng'ombe. Mwezi wa Septemba uliopita tulimwuza mnadani, tukapata shilingi 420,000. Fedha hizo mimi nilikuwa nimekwisha kuzihesabia mabati. Nyumba yetu ni tembe, udongo kando na udongo juu, kama walivyojenga wazee wetu Wagogo. Ni nzuri wakati wa jua, lakini mvua za Desemba zikianza, sisi huhamisha vitanda kutoka pembe hii mpaka pembe ile, na watoto hulala wamejikunja kama paka. Mama watoto naye alikuwa na hesabu yake. Karibu na kituo cha mabasi kijijini petu kuna shule ya sekondari, na saa za mapumziko wanafunzi hutoka wakitafuta cha kula. Alitaka tununue karai kubwa, kabati la kioo, jiko na gunia la viazi, akaange chipsi.

"Baba, mabati hayazai," akasema.

"Na chipsi zikilala, zinazaa nini?" nikamjibu.

Tulibishana juma zima, si kwa makelele, bali kwa ule ukimya wa jioni ambao watu wa ndoa mnaujua.

Ikawa mwezi wa Oktoba Paroko akanituma mjini Dodoma kwa siku sita, Jumatatu mpaka Jumamosi, pamoja na makarani wa parokia nyingine, tukajifunze kuandika madaftari ya ubatizo katika kompyuta. Asubuhi na jioni tulikula pale tulipolala. Kwa chakula cha mchana tulipewa posho, shilingi 5,000 kwa siku, kila mtu ajitafutie. Mama watoto aliposikia habari ya posho, akatia daftari dogo katika mkoba wangu.

"Wewe ni mwalimu," akasema. "Tafuta kibanda cha chipsi, uonje kila kitu kilichoandikwa ubaoni, usiache hata kimoja. Kila kimoja ukipe alama. Ukirudi tutasoma matokeo, ndipo tuamue."

Nikakubali upesi. Moyoni nilikuwa na hakika kwamba vyakula vile vitashindwa mtihani, na mabati yangu yatapona.

Kibanda nilichokiona kilikuwa na mabati matatu juu, turubai ubavuni, mabenchi mawili na meza yenye kitambaa cha plastiki. Mwenyewe alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na mitano, akisaidiwa na mtoto wa shangazi yake aliyemenya viazi tangu alfajiri mpaka vidole vyake vimekuwa vyeupe. Ubaoni paliandikwa kwa chaki vitu kumi: chipsi kavu, chipsi mayai, chipsi kuku, mishkaki, soseji, firigisi, sambusa, ndizi za kuchoma, yai la kuchemsha na muhogo. Mwandiko ulikuwa mzuri kuliko wa walimu wengi ninaowajua.

Chuoni tulifundishwa kwamba mtihani usio na mwongozo wa kusahihisha ni dhuluma. Basi nikapanga hivi: utamu alama 4, usafi 2, shibe 2, na bei 2. Jumla kumi.

Siku ya Jumatatu nilianza na muhogo, maana ndio wa bei ndogo kuliko vyote, kipande shilingi 300.

"Umekwisha, kaka," kijana akasema.

Ilikuwa saa sita na nusu. Nikaandika katika daftari: Muhogo, mtoro. Nikaagiza chipsi kavu, sahani shilingi 2,000, na soseji ya shilingi 1,000.

Nikae kidogo juu ya chipsi, kwa sababu kabla ya siku ile nilidhani kukaanga kiazi ni kazi ya mtu yeyote mwenye moto. Sivyo. Viazi hivyo hutoka Iringa na Njombe, kwenye baridi. Humenywa, hukatwa, huoshwa mpaka maji yaache kuwa meupe, maana ule wanga wa juu usipoondoka vipande hushikana. Kisha hukaangwa mara mbili. Mara ya kwanza ni kuviivisha tu, bila kugeuka rangi, halafu huwekwa katika kabati la kioo vimngoje mteja. Mteja akija, hutumbukizwa tena katika mafuta yenye moto zaidi ili vipate ukoko. Kijana akiwa na haraka, ile mara ya pili huwa ni salamu tu, nawe unatafuna kitu cha moto nje na baridi ndani. Ndivyo nilivyopata mimi. Mafuta ya karai nayo yalikuwa meusi kama chai ya rangi, yakitoa povu na moshi, na kila kilichopita humo kimeacha harufu yake. Kiazi changu kilinukia soseji.

Nikatoa alama 6. Soseji yenyewe nikaipa 3. Ngozi yake ilikuwa nyekundu, ndani laini kama uji uliolala, na sikuweza kumtambua mnyama.

Kuna jambo jingine nililoliona pale, nami nalisema kwa ajili ya akina mama wanaonunua viazi. Katika ndoo ya mtoto yule mlikuwa na viazi vitatu vyenye ngozi ya kijani. Nikamwambia avitupe. Kiazi kilichokaa kwenye mwanga hugeuka kijani, na pamoja na rangi hiyo huongezeka sumu chungu iitwayo solanini, ambayo hata mafuta ya moto hayaiondoi yote. Mtoto akanitazama, akavitupa, kisha akanong'ona na kaka yake. Sikujali.

Jumanne muhogo ulikuwa mtoro tena. Nikala chipsi mayai, shilingi 3,500. Vijana huita chakula hicho zege, kwa sababu mayai yaliyopigwa humwagwa juu ya chipsi, vikashikamana kama kokoto na saruji. Wasomaji wapenzi, sitadanganya. Kilikuwa kitamu. Kitunguu kilikuwamo, nyanya ilikuwamo, na pilipili kidogo pembeni, nami nilikula mpaka nikasahau kwamba nilikuja kumshinda mke wangu. Nikiwa nachokoa chipsi ya mwisho kwa kijiti, ualimu ukanirudia, nikaanza kuhesabu asili ya sahani ile. Kiazi kilianza kulimwa katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Nyanya na pilipili asili yake ni Amerika. Hata alizeti, inayolimwa sana hapa Dodoma na jirani zetu Singida, ilitoka Amerika ya Kaskazini. Kuku na mayai yake walianza kufugwa Asia. Sisi tumetia mkaa na njaa. Alama 8.

Jumatano nilipofika, muhogo hakuna. Nikaandika mtoro mara ya tatu, na safari hii nikapiga mstari chini, kama tunavyofanya kwa mwanafunzi anayeelekea kufukuzwa. Nikaagiza mishkaki mitatu na ndizi mbili za kuchoma. Lakini nikaona mambo yamegeuka. Meza ilikuwa imefutwa mpaka inang'aa. Kijana amevaa kofia nyeupe. Palikuwa na ndoo mpya yenye bomba, na sabuni juu ya kigae. Mafuta ya karai yalikuwa safi, ya rangi ya asali, hata nikaona chini ya karai. Niliagiza mishkaki mitatu, ikaja mitano. Ndizi zilikuja nne.

"Kula, mzee, usiwe na wasiwasi," akasema, naye mikono inamtetemeka. Jumatatu nilikuwa kaka. Jumatano nimekuwa mzee.

Ndipo nikatambua. Mtu mgeni, shati limenyooshwa, anakula peke yake, anatazama ndani ya karai, anatupisha viazi vya kijani, anaandika katika daftari kila akimaliza tonge. Alidhani mimi ni bwana afya!

Nikamwonyesha daftari, nikamweleza habari za mke wangu na dume la ng'ombe. Kijana akaketi juu ya kreti la soda akacheka mpaka akafuta machozi. "Mwalimu," akasema, "ungesema tangu juzi! Nimemwaga lita tano za mafuta kwa ajili yako." Akataka kuona alama zake. Alipoona chipsi kavu zimepata 6, akakunja uso, akasema Jumatatu mkaa ulikuwa mbichi. Soseji hakuitetea.

Alama za siku ile zilinipa taabu ya dhamiri. Mishkaki ilikuwa mizuri, nyama imelala katika tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, imechomwa bila kukauka. Nilikuwa nimeandika 9. Lakini miwili ilikuwa ya bure, na iliyotolewa kwa hofu. Nikalipa yote mitano, kisha nikaipunguzia alama moja, ikawa 8. Ndizi nazo 8. Ndizi ya kuchoma ni chakula cha unyofu, huwezi kuficha kitu ndani yake, nami naipenda kwa sababu hiyo.

Tangu siku ile tukawa marafiki, akanieleza mambo ya biashara bila kuficha. Ndoo moja ya viazi humpa kama sahani ishirini na tano. Kiazi si hasara, akasema, mafuta ndiyo yanayomla mtu. Lita tano hazimalizi siku mbili akitaka kukaanga vizuri, na akitaka faida huzifikisha siku nne, ndipo yanapokuwa yale meusi. Zikibaki chipsi jioni, hurudi karaini asubuhi. Hapo nikatazama sahani yangu ya Jumatatu kwa macho mapya.

Alhamisi nisingependa kuieleza. Sambusa ilikuwa nzuri, alama 7, ingawa nyama ndani ilikuwa chache na kitunguu kingi. Firigisi ilikuwa ngumu, ikaja na bakuli ya kachumbari ambayo nadhani iliona jua la asubuhi lote. Usiku huo makarani wenzangu walilala, mimi nikalinda njia ya chooni. Firigisi nikaipa 4. Pengine niliionea, na mwenye kosa ni kachumbari, lakini saa nane za usiku msahihishaji hana huruma. Mama anayekata nyanya na kitunguu kibichi na ayaoshe kwa maji yaliyochemshwa, tena akate kidogo kidogo. Mwenye moto unaowaka hapo hapo hana udhuru wa kukosa maji ya kuchemsha.

Ijumaa sikula nyama, kama baba yangu alivyotulea. Vilibaki yai na muhogo. Na kwa kuwa tumbo lilinitoa kitandani mapema, nilipita kibandani kabla ya masomo, saa moja na nusu asubuhi. Kumbe! Watu wamesimama: mafundi wa ujenzi, waendesha bodaboda, mama mwenye mtoto mgongoni, wanafunzi wawili wamevaa sare. Na kati yao, katika sinia, ulikuwapo yule mtoro. Kila asubuhi mzee mmoja huuleta kwa baiskeli kutoka kijiji cha jirani, kapu moja, hazidishi. Kijana huuchemsha kwa chumvi, huutoa nyuzi za katikati, kisha huukaanga katika mafuta mapya ya siku hiyo, kabla ya kitu kingine chochote. Nikapewa vipande viwili ndani ya karatasi ya daftari la mwanafunzi. Karatasi ilikuwa na hesabu za kugawanya, na moja imekosewa, nikaisahihisha kwa kalamu kabla sijala.

Nje ukoko mkavu wa manjano, ndani mweupe, unavunjika kama mkate wa moto. Chumvi imeingia mpaka moyoni. Pilipili na ndimu juu. Kwa shilingi 600 nilishiba mpaka saa nane. Nikaandika 9, na ile moja niliipunguza kwa ajili ya kile kizuizi tu, kwamba kapu ni moja. Nilipopita saa nne kuomba cha tatu, sinia lilikuwa tupu limeoshwa. Yai la kuchemsha, lililopasuliwa na kutiwa kachumbari, niliila lile yai nikaiacha kachumbari. Alama 7.

Jumamosi tukachanga na karani mwenzangu tukala chipsi kuku, robo. 7. Kuku alikuwa wa kizungu, laini, hana la kusema. Tukaagana na kijana, akanifungia chipsi za watoto, nazo zilipofika nyumbani baada ya saa tatu za basi zilikuwa zimelegea kama kamba zilizolowa. Watoto walizila zote wakalamba karatasi.

Usiku tukaketi, taa ya sola katikati, nami nikasoma matokeo kwa sauti kama yanavyosomwa siku ya kufunga shule. Wa kwanza muhogo, 9. Wa pili wamelingana chipsi mayai, mishkaki na ndizi, 8. Nikasoma mpaka soseji wa mwisho. Ilinibidi nikiri kwamba kibanda hakikushindwa mtihani, ila nikamweleza pia habari za mafuta, na chipsi zinazolala, na bei ya sahani. "Mwanafunzi wa hapa," nikamwambia, "atatoa wapi shilingi 2,000?"

Mama watoto hakujibu. Akanyoosha mkono akachukua daftari, wala hakutazama safu ya alama. Kidole chake kikashuka pembeni.

"Huyu muhogo ana utoro mara nne, naye ndiye wa kwanza. Imekuwaje?"

"Hakuwapo. Kila nikifika, umekwisha."

"Ukifika saa ngapi?"

"Saa sita. Lakini hata saa nne ulikuwa umekwisha."

"Na chipsi, kuna siku ulifika zimekwisha?"

Nikafikiri. "Hapana. Zilikuwamo kabatini siku zote."

Akafunga daftari. "Baba, huyu hakuwa mtoro. Aliuzwa."

Mimi niliyesoma chuo nilikaa kimya. Siku sita nilitazama sahani yangu, nikapima utamu, usafi, shibe na bei, na hata mara moja sikuhesabu walioketi karibu nami wala walichoshika mkononi. Tena muhogo upo shambani kwetu, nyuma ya nyumba, ule mtamu, tuliopanda mwaka juzi baada ya mtama kukauka. Nasema mtamu kwa kusudi, maana ule mchungu una sumu ya sianidi, nao haufai kuchimbwa na kutumbukizwa karaini; huo hulowekwa na kukaushwa na kusagwa kwanza. Shina la kila mmoja mama watoto analijua kwa jina, kama mimi ninavyojua kurasa za daftari la ubatizo.

Tukapiga hesabu mpaka taa ikafifia. Kabati la kioo tukaliacha. Jiko tunalo. Karai, chujio, sinia na mafuta ya alizeti lita tano tulivinunua kwa shilingi 70,000, na zilizobaki zilitosha mabati kumi na manne, ambayo ni upande wa vyumba vya kulala. Kipande cha muhogo akakipangia shilingi 200. Mimi nilishauri 300 kama mjini. Akaniambia mjini kuna mafundi, hapa kuna watoto.

Alianza Jumatatu ya pili ya Novemba. Siku ya kwanza alirudi na vipande tisa na shilingi 8,200, siku ya pili na vipande viwili, na Alhamisi, ambayo ni siku ya mnada, alirudi saa tano sinia tupu akachimba tena. Sasa ninaamka naye saa kumi na moja kutoa nyuzi, kisha ndipo naenda ofisini kwangu. Shamba letu halitafika Machi kwa mwendo huu, na jirani tuliyemwomba atuuzie mashina yake amekwisha kupandisha bei. Hilo bado tunalizungumza. Mvua ya kwanza ilinyesha wiki mbili kabla ya Noeli. Vitanda havikuhama. Jikoni, ambako bado ni udongo, ilipita kama desturi, tukatega sufuria.

Kipande cha kwanza kabisa, kabla hajauza hata kimoja, aliniletea mimi mlangoni katika karatasi, akasimama akingoja. Nikatafuna polepole. Nikampa 8.

Akaniuliza mbili zimekwenda wapi. Nikasema chumvi. Hakusema nami tena mpaka chakula cha jioni, na mlenda wa jioni ile haukuwa na chumvi hata chembe.